Kabla Utomvu Haujaganda

Papai bichi likichanjwa alfajiri hutoa maziwa kwa dakika chache tu. Matone ya mwanzo huwa mepesi na meupe, huteremka mfululizo kufuata mchanjo. Kabla dakika ya sita haijatimia yameanza kukatika, jeraha limejifunga, na kilichosalia juu ya ganda kimeshakuwa ute mzito unaonata. Ndani ya muda huo mkulima wa Mutwanga anakuwa ameshaamua, akijua au bila kujua, kama mzigo wake utapata bei nzuri au utawekwa kando pamoja na ule wa hudhurungi unaonuka. Wengi hudhani usafi wa utomvu huanza kwenye chekeche. Huanza juu mtini, kwenye wembe.

Utomvu huo ukikaushwa huitwa papaini. Ni bidhaa ambayo watu wa Beni na Butembo wameifahamu kwa vizazi kadhaa, ingawa wengi waliokua kando ya mashamba hayo hawajawahi kuelezwa inakwenda wapi na inafanya kazi gani huko iendako. Sura hii inahusu sehemu ndogo ya safari hiyo: takataka zinazoingia ndani ya utomvu, namna ya kuzizuia, namna ya kuziondoa, na nani anapaswa kulipia kazi hiyo. Naiita sehemu ndogo kwa sababu huchukua muda mfupi wa asubuhi. Kwa thamani, ndiyo sehemu kubwa kuliko zote.

Mutwanga ndiyo makao makuu ya sekta ya Ruwenzori katika wilaya ya Beni, jimbo la Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Mji uko kaskazini kidogo ya mstari wa ikweta, chini ya milima ambayo kilele chake cha Margherita kinafika mita 5,109 na bado kina barafu. Mito ya baridi inashuka kutoka huko, mvua hunyesha kwa misimu miwili, na bondeni kuelekea mto Semliki kuna joto la kutosha kwa mpapai, mkakao, mkahawa na mchikichi. Upande mwingine kuna Hifadhi ya Taifa ya Virunga, na kituo chake cha Mutsora kiko jirani kabisa. Butembo nayo iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huko mpapai hauna raha, lakini biashara inayo. Ndiyo maana kwa miaka mingi papai limegemwa Mutwanga na mabonde ya jirani, na fedha zake zimezungushwa Butembo na Beni, kabla ya mzigo kuvuka mpaka Kasindi kuelekea Uganda na bandari za Afrika Mashariki.

Kilimo hiki kilishika mizizi wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Afrika Mashariki nzima ilikuwa na sehemu yake: Tanganyika ilikuwa muuzaji mkubwa wa papaini kwa nchi za nje, na Kenya na Uganda nazo zililima. Baadaye Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikawa miongoni mwa nchi zinazotegemewa zaidi duniani kwa bidhaa hii, na sehemu kubwa ya utomvu wake ilitoka huku kwetu kwenye miteremko ya Ruwenzori. Mjini Beni likazaliwa shirika la ENRA, ambalo jina lake lenyewe linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya vimeng'enya vilivyosafishwa. Baadaye lilijulikana zaidi kwa mbao, lakini jina halikubadilika. Kuna jambo la kuzingatia hapo. Wazee wetu wa biashara walitambua mapema kwamba faida haiko kwenye utomvu mtupu bali kwenye usafi wake, wakaliandika hilo kwenye jina la kampuni.

Papaini ni kimeng'enya, yaani protini inayokata protini nyingine. Mama yeyote aliyewahi kuwa na nyama ya ng'ombe mzee jikoni anaijua kazi yake: anaifunga nyama kwa majani ya mpapai au anaipaka papai bichi lililopondwa, anaiacha, na nyama inalainika kabla haijafika motoni. Jina la papaini lilitolewa Ufaransa mwaka 1879 na mwanakemia Adolphe Wurtz akishirikiana na daktari Eugène Bouchut. Mwaka 1911 Leo Wallerstein alipata hataza Marekani ya kuitumia kwenye bia, kwa sababu bia ikipozwa sana protini zake hujikusanya na kuifanya iwe na ukungu. Papaini huzikata protini hizo, na bia ikabaki angavu. Ngozi, dawa za kusaidia tumbo kusaga chakula, vyakula vya mifugo, vipodozi: kote huko utomvu wa papai umepata kazi.

Lakini kazi ninayotaka kila mkulima wa Mutwanga aijue ni nyingine. Mwaka 1959 mwanasayansi Mwingereza Rodney Porter alitaka kujua kingamwili zimeundwaje, yaani zile protini za damu zinazotambua maradhi na kuyashika. Alichukua kingamwili za sungura, akazitia papaini iliyosafishwa hadi kufikia hali ya fuwele. Papaini ilizikata vipande vitatu: viwili vinavyoshika adui, na kimoja kisichoshika. Kwa mara ya kwanza watu walianza kuliona umbo la kinga ya mwili. Mwaka 1972 Porter alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Gerald Edelman wa Marekani, aliyefikia ukweli uleule kwa njia nyingine.

Sasa rudi Beni. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini. Kuanzia Novemba mwaka huo, katika vituo vya matibabu vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa walishiriki jaribio la dawa nne kwa pamoja. Agosti 2019 ilijulikana kwamba dawa mbili zimeokoa maisha kuliko nyingine, na zote mbili ni kingamwili. Mojawapo, ile iliyoitwa mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe ni miongoni mwa walioifanikisha. Sisemi kwamba dawa hizo zilitengenezwa kwa utomvu wa Mutwanga. Nasema kwamba elimu ya kingamwili, iliyowafikisha watu kwenye dawa hizo, ilifunguliwa kwa kisu kilichotoka ndani ya papai bichi. Kisu hicho kilifanya kazi kwa sababu kilikuwa safi. Papaini yenye vumbi la barabarani na vipande vya ganda isingemwonyesha Porter chochote.

Kwa nini uchafu unaiumiza papaini kiasi hicho? Jibu liko katika umbo lake. Papaini ni mnyororo wa asidi amino 212, na ile ya 25, iitwayo sisteini, ina salfa. Hapo kwenye salfa ndipo penye makali. Chuma, shaba, zebaki na madini mengine mazito hupenda kung'ang'ania salfa, na yakishaing'ang'ania makali yanazibwa. Hewa nayo huila salfa hiyo polepole, na jua huharakisha. Kwa hiyo chembe ya kutu iliyodondoka kutoka kwenye kisu cha zamani haiishii kuwa doa. Inaendelea kuzima kimeng'enya muda wote utomvu unapokaa kwenye ndoo, na hata ukiitoa baadaye, nguvu iliyokwisha kuzimwa hairudi kwa kuchuja.

Liko jambo la pili. Utomvu huu ni silaha ya mti. Mpapai haukuuweka ndani ya ganda kwa ajili ya viwanda vya bia. Uliuweka kwa ajili ya wadudu wanaoutafuna. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba viwavi waliolishwa majani ya mpapai walikufa, na walipolishwa majani yaleyale yaliyooshwa utomvu, walinawiri. Maana yake kwa mgema ni hii: nzi, sisimizi au nyuki akiangukia kwenye utomvu, papaini inaanza kumsaga palepale. Mwanzoni ni mdudu mzima, unaweza kumwokota kwa kijiti. Kesho yake amekuwa sehemu ya mzigo, na hakuna chekeche litakalomrudisha. Ndiyo maana utomvu uliolala usiku kucha kwenye bidoni bila kuchujwa huonekana safi kuliko ulivyo. Uchafu haukuondoka. Umeyeyuka.

Kwa hiyo tuanze na wembe. Visu vya chuma cha kawaida havifai, na panga ndiyo kabisa. Wanaofanya kazi hii vizuri hutumia wembe wa chuma kisichoshika kutu, au kipande cha mwanzi kilichonolewa, au hata kioo, kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu ili kifikie matunda ya juu. Ncha inayojitokeza isizidi milimita 2. Mirija ya maziwa iko palepale chini ya ngozi ya tunda, na anayechanja ndani zaidi hapati maziwa mengi zaidi. Anachopata ni maji ya tunda na wanga wa nyama yake, ambavyo huingia kwenye utomvu na kuupunguzia nguvu. Hiyo ni takataka ambayo haikutoka nje, haionekani kwa macho, na hupita kwenye kila chekeche duniani. Mkono mwepesi ndio chujio lake pekee.

Tunda linalochanjwa liwe bichi kabisa, limekomaa lakini halijaanza kugeuka rangi, lenye umri wa kama miezi mitatu. Michanjo minne au mitano hutosha, kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha. Baada ya siku nne hadi saba mgema anarudi na kuchanja katikati ya makovu ya zamani. Kazi huwa ya alfajiri kwa sababu wakati huo tunda limejaa maji ya usiku na maziwa hutoka kwa nguvu. Jua likishapanda mtiririko hupungua na utomvu huganda upesi. Alfajiri ina faida nyingine isiyosemwa sana: barabara bado hazina malori, vumbi limelala, na wadudu wengi bado hawajaamka.

Chini ya tunda ndipo panapohitajika kazi ya akili. Njia inayosifiwa ni ile ya kufunga kwenye shina kitu mfano wa mwavuli uliopinduliwa, fremu iliyotandikwa plastiki safi, ili matone yaanguke humo. Wengine huweka sahani za plastiki zilizokingwa. Kinachoharibu ni vyombo vilivyokwisha kutumika kwa kitu kingine: bidoni la mafuta ya mawese, ndoo ya saruji, sahani ya bati iliyochubuka rangi. Mwavuli huo upanguswe kabla haujafungwa kila asubuhi, maana ukibaki mtini kuanzia zamu iliyopita utakuwa umekwisha kukusanya majani makavu, maua yaliyodondoka, kinyesi cha ndege na maji ya mvua. Shina lenyewe lisafishwe majani yaliyokufa kabla ya kuchanja. Hakuna fedha inayotakiwa kwa kazi hiyo, ila dakika chache.

Utomvu ulioganda juu ya tunda usitupwe, lakini usichanganywe. Hukwanguliwa kwa kitu laini kisichotoboa ngozi, na huwekwa kwenye chombo chake. Umekaa hewani, umebadilika rangi, na mara nyingi umebeba vipande vya ganda. Ni mzigo wa daraja la pili na una wanunuzi wake. Anayeuchanganya na wa kwanza ili aongeze kilo huwa ameushusha wote hadi chini, na ndiyo hasara ninayoiona kuwa ya bure kuliko zote katika biashara hii.

Kisha ndiyo kuchuja. Utomvu ufike kivulini haraka, umefunikwa. Kwanza huondolewa vile vinavyoonekana: jani, kikonyo, mdudu. Mikono ivae glavu, kwa sababu papaini haibagui kati ya nyama ya ng'ombe na ngozi ya binadamu. Wagema wasio na kinga huchunika vidole, na tone likiingia jichoni ni balaa. Watoto wasipewe kazi hii. Halafu utomvu hupitishwa kwenye chekeche lenye matundu 50 kwa kila inchi, yaani kila tundu lina upana wa karibu theluthi moja ya milimita. Matundu makubwa zaidi huachia mchanga na miguu ya wadudu. Madogo zaidi huziba mara moja, kwa sababu utomvu si maji. Wakati huohuo hutiwa chumvi kidogo ya metabisulfiti, ambayo huilinda ile salfa dhidi ya hewa na kuzuia vijidudu.

Waya wa chekeche hilo ni suala zito. Machekeche mengi mazuri ya madukani yana waya wa shaba nyeupe au shaba nyekundu, nayo yanang'aa na yanapendeza. Kwa papaini ni sumu. Bora nailoni, au chuma kisichoshika kutu. Kitambaa cha pamba nacho kina tatizo lake: huacha nyuzi, na hunywa utomvu. Yale mabonge yanayobaki juu ya nailoni yasisukumwe kwa nguvu ili yapite, kwa sababu yanapita na ganda. Yawekwe pamoja na mzigo wa daraja la pili. Chekeche lioshwe papo hapo kwa maji safi, kwani utomvu ukikauka kwenye matundu hautoki tena bila kuyaharibu.

Wapo wanaouliza kwa nini usiongezwe maji ili upite kwa urahisi. Swali ni la haki, na jibu ni kwamba kila tone la maji litalazimika kukaushwa baadaye. Utomvu mbichi tayari ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Kilo tano za asubuhi huleta takriban kilo moja ya unga. Maji ya kijito huongeza siku ya kukausha, huongeza kuni, na huleta vijidudu ambavyo havikuwemo.

Hapa naomba msomaji aangalie mbali kidogo, hadi Kanada, ambako ndugu zetu wengi Wakongo sasa wanaishi na wanaona kila mwaka, majira ya baridi yanapoisha, watu wa Quebec wakigema miti ya mepo. Maji ya mti huo yana sukari kama asilimia 2 tu. Huchemshwa lita 40 hivi hadi kupata lita 1 ya sharubati. Wanachuja vijiti, magome na wadudu kabla ya kuchemsha, kisha wanachuja tena sharubati ikiwa moto ili kuondoa mchanga wa madini uliojitenga. Mgema wa huko amependelewa. Maji yake hupita kwenye kitambaa chochote safi, na moto unamfanyia nusu ya kazi, kwa kuwa vijidudu vyote hufa sufuriani. Mgema wa papai hana moto wa kumsaidia. Papaini ikichemshwa inabaki unga usio na faida. Kosa la asubuhi haliwezi kusahihishwa jioni, na hiyo ndiyo sababu usafi wa Mutwanga unapaswa kuwa mkali kuliko wa Quebec.

Kukausha kwenyewe nitakupitia haraka. Jua ni rahisi na ni baya: papaini inakuwa ya hudhurungi, nguvu inashuka, na vumbi lote la kijiji linatua juu ya turubai. Tanuri lenye joto dogo, lisilozidi nyuzi 55, hutoa unga wa rangi ya maziwa. Njia ya juu zaidi ni ya kiwandani, ambapo utomvu uliochujwa hurushwa kama manyunyu ndani ya hewa moto na kuanguka ukiwa unga mkavu. Njia hizo zinahitaji umeme wa kutegemewa, na Mutwanga umefika: mwaka 2013 kituo cha kwanza cha umeme wa maji kilizinduliwa hapo chini ya mpango wa Hifadhi ya Virunga, kikiwa na uwezo wa megawati 0.4, kisha kikafuatwa na kingine kikubwa zaidi. Umeme huo ulileta kiwanda cha sabuni cha SICOVIR, na baadaye usindikaji wa vimeng'enya vya papai. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, mkulima ana nafasi ya kuuza utomvu mbichi uliochujwa karibu na shamba lake badala ya kuukaanga juani na kumwuzia mpita njia. Unga ukishakauka husagwa na kuchekechwa tena, na hapo anayechekecha avae barakoa, maana vumbi la papaini likivutwa siku nyingi huleta pumu.

Nimefika kwenye sehemu inayoniuma. Kila nililoeleza hapo juu linafahamika. Mgema mzoefu wa Mutwanga anajua kwamba chuma kinaharibu, kwamba ganda linashusha daraja, kwamba nzi aokotwe mapema. Kama hafanyi, si kwa ujinga. Ni kwa sababu mnunuzi anayefika na mizani hupima kilo na si kingine. Aliyechuja amepoteza uzito: mabonge yamebaki kwenye chekeche, maji hayakuongezwa, utomvu uliokwanguliwa umewekwa kando. Jirani yake ambaye hakuchuja ana kilo nyingi, na wote wawili wanalipwa bei moja kwa kila kilo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye papai simwoni mgema anayetia maji kwa ajili ya sifa. Anatia kwa ajili ya mizani.

Mchezo huo ukiachwa huota mizizi. Baada ya maji huja unga wa muhogo, unaofanana na papaini kavu kwa rangi na kwa mguso. Mnunuzi akigundua, hapunguzi bei ya yule mdanganyifu peke yake. Anaishusha ya eneo lote. Sifa ya mahali hujengwa kwa miaka mingi na huangushwa kwa magunia machache. Na kugundua ni rahisi: tone la iodini juu ya unga. Likigeuka buluu nyeusi, kuna wanga. Nguvu ya kimeng'enya nayo hupimwa kwa maziwa: unapima kiasi cha papaini na muda unaochukua kugandisha maziwa yaliyoandaliwa kwa kipimo. Huhitaji maabara ya Ulaya kwa majaribio hayo mawili. Meza safi, chupa ya iodini, maziwa, saa, na mtu mmoja mwaminifu aliyefundishwa vinatosha kwenye ghala la ushirika.

Siwezi kuandika haya yote nikakaa kimya juu ya vita. Tangu mwishoni mwa 2020 mashambulizi ya waasi wa ADF yameikumba sekta ya Ruwenzori, na watu wengi wamekimbia mashamba yao. Mei 2021 serikali ilitangaza utawala wa kijeshi katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri. Kilimo kinachotaka mtu awe shambani alfajiri, peke yake, chini ya miti, kila baada ya siku chache, ndicho kinachoumizwa kwanza na hofu ya namna hiyo. Anayengoja jua lipande ndipo atoke nyumbani atachanja saa ya joto, atapata maziwa machache yanayoganda mkononi, atakwangua kwa haraka na kurudi. Anayekosa zamu mbili atakuta matunda yameiva. Mnunuzi anayelalamika kwamba utomvu wa msimu fulani ulikuwa mchafu ajue alfajiri ya msimu huo ilikuwaje. Usafi ni kazi ya mtu aliyetulia, na utulivu huo mkulima hawezi kuuzalisha peke yake.

Hata hivyo mapapai yanagemwa. Matunda yenye makovu bado yanaliwa, yanauzwa sokoni kwa bei ya chini au hupewa nguruwe. Miti hushuka mavuno baada ya miaka miwili au mitatu, na watu hupanda mingine. Ni zao linaloanza kulipa ndani ya mwaka, wakati mkakao unamtaka mkulima angoje miaka, na kwa familia iliyorudi kutoka ukimbizini tofauti hiyo ni ya chakula mezani.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wanunuzi, wa Beni, wa Butembo na wa ng'ambo, kabla sijawaambia wakulima lolote. Wekeni bei mbili, na pengo kati yake liwe kubwa kiasi kwamba mgema aliyepoteza kilo moja kwenye chekeche aone amepata na si amepoteza. Bei hizo ziandikwe ukutani mahali mzigo unapopokelewa. Utomvu upimwe mbele ya mwenyewe, kwa iodini na kwa maziwa, na aonyeshwe matokeo. Leteni machekeche ya nailoni, wembe na glavu, mkate gharama zake kidogo kidogo kwenye malipo kama ni lazima. Nanyi wakulima, mkikutana na mnunuzi anayefanya hivyo, msimpe mzigo wa jana uliochanganywa. Vyama vya ushirika vya Mutwanga vinaweza kuanza jambo hili msimu huu, kwa ghala moja na chekeche moja la matundu 50.